Meza ya Watu Kumi na Mmoja



Juma hili twajibu barua ya baba mmoja, msomaji wetu wa siku nyingi. Ameandika kwa adabu na kwa akili, tena shauri lake ni shauri la jamaa nyingi. Yeye na mkewe wameweka akiba kidogo kidogo kwa muda wa mwaka mzima, na sasa ataka kumwagiza seremala amtengenezee meza ya kulia chakula. Anatuuliza: “Sisi ni watu kumi katika nyumba yetu. Meza ya namna gani itatufaa? Iwe ya mviringo au ya pembe nne? Yafaa viti au mabenchi? Tena ubao gani hautatuletea hasara?”

Maswali hayo ni mema, nasi tutayajibu moja moja. Lakini kwanza yatupasa kusema neno juu ya hesabu yake.

Hesabu ya watu

Mwenzetu ametutajia watu wake wote kwa utaratibu: yeye mwenyewe, mama yake mzazi, aliye mjane, watoto saba, ambaye mdogo wao bado ananyonya, na mpwa mmoja aliyekuja mjini kwa ajili ya masomo. Jumla yao ni kumi. Tulihesabu mara ya pili, tukaona kweli ni kumi. Ila mtu mmoja hayumo, naye ni mama wa hao watoto saba.

Hatukumcheka. Si kwamba hampendi mkewe, maana katika barua hiyohiyo anamsifu kwa kuwa ndiye aliyeitunza akiba bila kuigusa. Amemsahau kwa sababu saa ya kula hamwoni. Mama yuko jikoni: anapakua, anapeleka, anarudisha vyombo, kisha anakula peke yake kilichobaki chunguni, ameketi juu ya kigoda chake. Nasi twakiri kwamba kosa hilo twalijua kwa ndani. Meza yetu ya kwanza ilikuwa na viti sita, na kwa muda wa miaka miwili mama wa nyumba hakukikalia hata kimoja, ila siku ya Noeli.

Basi kanuni ya kwanza ni hii: kabla ya kupima ubao, hesabu watu. Hesabu wote wanaokula chakula kilichopikwa juu ya moto mmoja, wakubwa kwa wadogo, anayepika na anayepikiwa. Kisha uongeze mmoja kwa ajili ya mgeni, maana katika nchi yetu mgeni hatangulizi barua. Jamaa ya mwenzetu, basi, ni watu kumi na mmoja. Mtoto anyonyaye angali mapajani mwa mama yake, na nafasi yake kwa leo ni ya mgeni. Atakapokua, wadogo watasogeana.

Kipimo cha meza

Mtu mzima ahitaji santimetri 60 za ukingo wa meza ili ale bila kumgonga jirani yake kwa kiwiko. Mtoto mdogo atosheka na santimetri 45. Upana wa meza uwe santimetri 90: hapo sahani za pande mbili hukaa zikielekeana, na katikati hubaki mahali pa sufuria ya ugali, bakuli ya sombe na chombo cha maji. Ikiwa nyembamba kupita santimetri 75, mboga hazina mahali. Ikiwa pana kupita metri moja, mtoto hawezi kufikia bakuli bila kuinuka.

Sasa tumpimie mwenzetu. Meza yenye urefu wa metri 2 na santimetri 40 yapokea watu wazima wanne katika upande mmoja, maana mara nne 60 ni 240. Huko watakaa bibi, mpwa na watoto wawili walio wakubwa. Upande wa pili, juu ya benchi, pana nafasi ya watoto watano wadogo, maana mara tano 45 ni 225. Baba akae kichwani pa meza, na mama akae kichwa cha pili, kile kilicho karibu na mlango wa jiko, mtoto wake mapajani. Hao ndio kumi na mmoja, na penye benchi pana nafasi ya mgeni.

Na meza ya mviringo? Twaipenda kwa macho. Yatukumbusha wazee wetu walivyozunguka chungu kimoja, ambako hakuna aliyekaa mbele wala nyuma. Kwa watu watano au sita hakuna iliyo nzuri kuishinda. Lakini hesabu ni hesabu. Meza ya mviringo yenye upana wa metri moja na nusu ina ukingo wa metri 4 na santimetri 70, nao watosha watu saba au wanane tu. Ukitaka kuketisha watu wazima kumi na wawili, lazima upana wake ufike metri 2 na santimetri 30. Meza hiyo yajaza chumba chote, na kutoka ukingo hadi katikati ni zaidi ya metri moja, mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki, wala wa bibi. Kwa jamaa kubwa, meza ndefu yafaa zaidi.

Chumba nacho kipimwe

Wengi hupima meza wasipime nyumba. Fundi analeta kazi yake, watu wanaisifu, na usiku ule ule watoto wanapita chini ya meza ili kufika kitandani. Nyuma ya kila mtu aketiye lazima zibaki walau santimetri 60 ili aweze kukaa na kuinuka. Mahali watu wanapopita na vyombo vya moto, ziachwe santimetri 90.

Chumba chenye metri 4 kwa metri 3 chaipokea meza tuliyoitaja: pande zote mbili zabaki santimetri 105, na kila kichwani santimetri 80. Lakini nyumba nyingi za mijini mwetu, hasa zile zilizojengwa zamani kwa ajili ya wafanyakazi, zina chumba kidogo kuliko hicho. Ikiwa chako kina metri 3 kwa metri mbili na nusu, usilazimishe. Una njia mbili. Ya kwanza: weka benchi moja kando ya ukuta bila nafasi nyuma yake, ukavute meza karibu nayo. Wadogo huingia kwanza na kutoka mwisho, na njia yote hubaki upande wa pili. Ya pili: agiza meza ya kufunguka, yaani ubao wa juu uliolazwa juu ya vigogo viwili vyenye miguu. Baada ya kula ubao husimamishwa ukutani, na siku za kiangazi meza yote huchukuliwa nje kivulini.

Kabla ya kulipa hata faranga moja, fanyeni jaribio hili. Chukueni chaki au kipande cha kaa, mchore meza sakafuni kwa kipimo chake kamili. Wekeni viti kuizunguka. Kaeni wote kwa wakati mmoja, kisha mama apite na sufuria nyuma ya migongo yenu. Akikwama, futeni mchoro mwanze tena. Chaki haina gharama. Mpime na mlango pia, mjue meza itaingiaje. Meza ndefu ambayo miguu yake imefungwa kwa bolti, hata iweze kutolewa, itawaepusha na aibu ya kubomoa mwimo wa mlango.

Viti au mabenchi

Kwa wadogo twasifu benchi. Lachukua watoto watano mahali pa viti vinne, lasukumwa chini ya meza baada ya kula, na bei yake ni ndogo kuliko ya viti. Kwa wazee, mama mjamzito na mtu mwenye maumivu ya mgongo, kiti chenye egemeo ni lazima. Viti vya plastiki vinavyouzwa siku hizi katika kila soko si vibaya, lakini vile vyenye mikono havipiti chini ya meza na hula nafasi ya mtu mmoja na nusu. Chagua visivyo na mikono.

Juu ya kimo: meza iwe santimetri 75 kutoka sakafuni, na kikalio santimetri 45. Tofauti ya santimetri 30 ndiyo inayompa mtu kula bila kuinama na bila kuinua mabega. Tena, mti unaopita chini ya ubao kuushika usishuke mno, maana magoti ya watu wazima yatagonga hapo kila siku. Mti wenye santimetri 10 watosha. Twawaonya pia juu ya mtoto wa meza, ile sanduku ndogo ya kuvuta: kwenye meza ya kuandikia ni msaada, kwenye meza ya kulia hugonga magoti na kukusanya makombo na mende.

Ubao na fundi

Hapa ndipo jamaa nyingi hupata hasara. Nasi tuliipata. Meza yetu ya kwanza, ile yenye viti sita, tuliinunua mwezi wa Februari, wakati wa mvua. Ilikuwa nzuri ya kung’aa. Mwezi wa Julai, katikati ya kiangazi, tulisikia usiku mlio kama wa fimbo inayovunjika. Asubuhi ubao wa juu ulikuwa na ufa ambao kisu kilipita. Fundi alikuwa ametumia ubao mbichi, naye alijua. Lakini sisi tulikuwa tumemharakisha kwa sababu ya sherehe ya ubatizo, na haraka haraka haina baraka.

Ubao mbichi una maji ndani yake. Unapokauka hupungua kwa upana, si kwa urefu, na ukizuiwa kwa misumari hupasuka. Ubao wenye unene wa santimetri mbili na nusu wahitaji karibu mwaka mmoja wa kukauka kivulini, umepangwa na vijiti katikati ili upepo upite. Utaujuaje? Mwombe fundi kipande kimoja, ukipime kwenye mizani ya soko, ukiweke ndani ya nyumba kwa majuma mawili, ukipime tena. Kikiwa chepesi kuliko kwanza, ubao bado unatoa maji. Subiri.

Juu ya aina ya mti, ndugu zetu wa Katanga wana bahati ya mulombwa, ule ambao wenzetu wa Tanzania wauita mninga. Haugeuki sana umbo unapokauka, na kiini chake hakipendwi na mchwa. Lakini sehemu yake nyeupe ya nje huliwa na wadudu: mwambie fundi aikate yote. Huko Bukavu na Uvira watu hutumia libuyu, ubao mwekundu mzuri kwa meza. Mkaratusi ni wa bei nafuu kwa kuwa hukua upesi, lakini hupinda na kupasuka unapokauka. Ukubali kwa miguu na mabenchi ikiwa umekauka vema, lakini usiuweke juu. Na zile meza ziletwazo kutoka ng’ambo, zilizofanywa kwa unga wa mbao uliobanwa kwa gundi na kufunikwa karatasi laini, huvutia macho dukani. Maji yakiingia pembeni, hufura kama mkate. Penye watoto saba, maji hayakosi kumwagika.

Mtazame fundi anavyounga miguu. Kiungo chema ni ulimi uliochongwa na kuingizwa ndani ya tundu lake, pamoja na gundi. Misumari peke yake hulegea kwa mwaka mmoja. Ubao wa juu ushikwe kwa skrubu zilizopitishwa katika matundu marefu kidogo, ili uweze kupungua na kuongezeka kwa majira bila kupasuka. Pembe zote zilainishwe, kwa sababu pembe ya meza iko sawasawa na paji la uso la mtoto.

Vanishi huungua chini ya sufuria ya moto na kubanduka. Afadhali kupaka mafuta ya mbegu za kitani mara tatu, kuacha siku kadhaa kati ya mara na mara, kisha kurudia kila mwaka. Ila mwangalie jambo moja: vitambaa vilivyolowa mafuta hayo vyaweza kushika moto vyenyewe vikikunjwa na kutupwa pembeni. Vianikeni nje vikiwa vimekunjuliwa mpaka vikauke kabisa.

Na bei? Hatuwezi kuitaja, kwa kuwa yabadilika mji kwa mji na mwezi kwa mwezi. Twasema hili tu: meza isinunuliwe kwa fedha ya shule, wala kwa mkopo wa riba. Asiyeweza kulipa yote aanze na meza ya vigogo na mabenchi mawili ya ubao mtupu. Viti vitakuja kimoja kimoja.

Meza ya kulia, si ya kutazamwa

Yafaa tukumbuke jinsi meza ilivyoingia katika nyumba nyingi za nchi yetu. Katika miaka ya 1940 na 1950 kulikuwa na nyumba za mafunzo kwa wanawake mijini, ambako masista na mabibi wa Kibelgiji waliwafundisha kushona, kufua, kupika na kupanga nyumba. Akina mama wengi walipata faida ya kweli huko. Lakini wakati ule ule serikali ya kikoloni ilitoa kadi ya sifa ya raia, mwaka 1948, na mwaka 1952 sheria ya kuwaandikisha Wakongomani wachache walioonekana wamestaarabika. Aliyeomba kuandikishwa aliweza kuletewa wajumbe nyumbani mwake: walitazama sebule, chumba cha kulala, hata jiko, na namna anavyoishi na mkewe. Hivyo meza ikawa kama karatasi ya mtihani. Ilitandikwa kwa ajili ya macho ya mgeni.

Wajumbe wale wameondoka zamani, lakini desturi ile imebaki katika sebule nyingi. Meza imefunikwa kitambaa cha kufuma, juu yake maua ya plastiki, na watoto wamekatazwa kuigusa. Wao hula sakafuni jikoni, baba hula peke yake mbele ya redio, mama hula mwisho. Meza hiyo, hata ikiwa ya mulombwa safi, haijafanya kazi yake hata siku moja. Twasema wazi: mkeka ambao jamaa nzima huuzunguka ni bora kuliko meza ambayo watu hugawanyika kwa ajili yake. Wazee wetu hawakuwa na meza, lakini kando ya chungu walifundisha watoto kunawa, kungoja, kutochagua nyama, kusikiliza. Meza mpya ikileta usafi na egemeo la mgongo, na ikiyahifadhi mafundisho hayo, ni baraka. Ikiyaondoa, imetupokonya.

Nafasi ya mama

Twarudi kwa mwenzetu na mtu wake wa kumi na mmoja. Mama hawezi kuketi ikiwa kazi yote ya chakula ni yake. Basi kazi igawanywe. Mtoto mmoja alete maji ya kunawa na sabuni, mwingine sahani, wa tatu chumvi na pilipili, mpwa aichukue sufuria nzito. Wavulana kama wasichana, bila ubaguzi. Vyote viwekwe mezani kabla ya sala, ili mtu asiinuke tena. Baba ndiye aanzishe sala, na asiianzishe mpaka mama ameketi. Jambo hilo dogo, likifanywa kila jioni, lafundisha watoto kuliko hotuba nyingi juu ya heshima. Samaki mkunje angali mbichi.

Najua wengine watasema: “Bibi mzee hatakubali, kwake si desturi mkwe kula pamoja naye.” Heshima hiyo ni ya kweli, wala haivunjwi kwa nguvu. Baba azungumze na mama yake kwa upole, ampe kiti chema upande wake wa kuume, mbali na kichwa cha mkwewe, na amwache aone kwa macho yake. Nyumbani mwetu ilichukua miezi mitatu. Kisha bibi mwenyewe ndiye aliyeita kuelekea jikoni: “Njoo, chakula kinapoa.”

Zaburi ya 128, ambayo katika vitabu vya zamani ilihesabiwa ya 127, yamwonyesha mtu mcha Mungu akiwa nyumbani mwake pamoja na mkewe, na watoto wamezunguka meza. Baba Mtakatifu Fransisko aliiweka zaburi hiyo katika mwanzo wa sura ya kwanza ya waraka wake wa mwaka 2016 juu ya upendo katika jamaa. Ndani ya zaburi ile hakuna anayekula peke yake jikoni.

Ewe mwenzetu uliyetuandikia, agiza meza ya metri 2 na santimetri 40 kwa santimetri 90, ya pembe nne, ubao mkavu, benchi moja na viti sita. Mpe fundi muda wake. Na kabla ya kumpelekea kipimo, mwonyeshe mkeo chaki sakafuni, umwulize yeye ataka kukaa wapi.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya kuhifadhi maji safi ya kunywa nyumbani. Mkae salama, ninyi na wote walio mezani mwenu.